Visikizi vya Mwalimu wa Kwaya



Juma hili nimepokea barua kutoka Butembo, nami naijibu upesi kuliko desturi yangu, maana ndani yake mna fedha zinazongoja kutoka mfukoni. Aliyeiandika ni mwalimu wa kwaya. Shemeji yake akaaye Ubelgiji alipokuja likizo alimletea visikizi vikubwa vya kuvaa kichwani, pamoja na kisanduku cha chuma, yaani amplifaya, ambacho bila hicho visikizi vyenyewe havisemi hata neno moja. Miezi mitatu mwalimu alisikiliza nyimbo zake kwa furaha kubwa. Anasema kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake aliweza kuifuata sauti ya nne kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, bila kupotezwa na zile tatu. Lakini tangu mvua zilipozidi, sikio la kushoto limefifia, na sasa linanong'ona tu. Fundi mmoja wa sokoni yu tayari kuvifungua na kuvitengeneza kwa dola hamsini, nusu ilipwe kwanza. Dola hizo mwalimu anazo, ila ni karo ya binti yake wa sekondari. Auliza: nimpe au nisimpe?

Usimpe, Bwana Mwalimu. Lipa karo.

Wala simdharau fundi huyo. Yawezekana ni hodari wa redio na simu, na mikononi mwake vitu vingi vilivyokufa vimefufuka. Lakini visikizi hivi si ndugu wa vile alivyovizoea. Visikizi vya kawaida vina sumaku na koili ya waya. Koili inasukuma kitambaa kidogo cha plastiki, sauti inatoka. Akivifungua ataviona vyote viwili, ataunga waya uliokatika, na kazi imekwisha. Katika visikizi vyako hataona sumaku wala koili. Ataona kitu kama kioo cha sabuni, na pengine ncha ya bisibisi yake ndiyo itakayokuwa ya kwanza kukigusa na ya mwisho.

Watoto wa shule watanisaidia kueleza. Kila mmoja wao amewahi kusugua peni ya plastiki kwenye sweta yake ya sufu, akaisogeza karibu na vipande vya karatasi, navyo vikairukia kama kuku wanaokimbilia mtama. Nguvu inayovivuta huitwa umemetuli, kwa sababu umeme huo umetulia juu ya peni, hautembei katika waya. Basi, ndani ya kila kisikizi chako mna utando wa plastiki wenye unene wa sehemu moja au mbili tu za elfu ya milimita. Unywele wako ukilazwa kando yake ungeonekana kama gogo la mkaratusi. Utando huo hutiwa umemetuli mwingi, na umetundikwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu, huku na huku pakiwa na nafasi ya nusu milimita hivi au pungufu. Amplifaya inapopeleka muziki kwenye mabamba hayo, bamba moja huuvuta utando na la pili huusukuma, kisha hubadilishana, mara mamia na maelfu katika sekunde moja. Kwa kuwa utando ni mwepesi karibu kama hewa yenyewe inayoupakana, hauchelewi kuanza wala hauchelewi kusimama. Ndiyo maana ulimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuingia.

Ufundi huu si wa jana. Kampuni ya Stax ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1938, ilianza kuuza visikizi vya namna hii mwaka 1960, mwaka ule ule Kongo ilipopata uhuru. Tangu hapo vimebaki kuwa vitu vya watu wachache, kwa ajili ya bei na kwa ajili ya udhaifu wao.

Sasa warudieni watoto wa shule, mkawaombe wafanye jaribio lile lile siku ya mvua, wakati ukungu umelala juu ya vilima vya Butembo na nguo zilizoanikwa tangu asubuhi bado zina maji. Peni itasuguliwa hata mkono uchoke, na karatasi hazitasogea. Unyevu umeuiba ule umeme: umeupitishia njia ya kutorokea, kidogo kidogo. Umeandika, Bwana Mwalimu, kwamba visikizi unavitundika kwenye msumari ukutani, karibu na dirisha, wapate hewa. Hapo ndipo nilipoweka barua chini nikasema: tumempata mwizi. Ukuta wa tofali katika mji ulioinuka mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari, wenye baridi za usiku na mvua za ikweta, unatoa jasho kama mtu. Sikio lililokuwa upande wa ukuta limelowa, utando wake haushiki tena umeme, nao umenyamaza. Hivi ndivyo nidhanivyo. Lakini tupime kwanza kabla ya kuhukumu.

Zima kila kitu. Zile nyaya mbili ziletazo muziki katika amplifaya, ya kushoto na ya kulia, zibadilishane matundu, kisha washa tena. Kama udhaifu umehamia sikio la kulia, visikizi havina kosa. Tafuta ubaya katika mashine ya muziki au katika nyaya zenyewe, ambazo si ghali. Kama udhaifu umebaki kushoto, ni visikizi au ni amplifaya, na hapo anza kukausha kabla ya kufikiri neno lingine.

Kukausha si kuanika. Usiviweke juani, wala karibu na jiko. Joto hulegeza gundi iliyoushika utando, nao ukilegea haurudi. Tafuta debe safi lenye mfuniko au kasha la plastiki lifungikalo vizuri. Weka ndani vile vijifuko vidogo vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja katika masanduku ya viatu vipya. Lakini vilivyokaa wazi miezi mingi vimekwisha kushiba maji, havifai. Wengine watakushauri utumie mchele au mkaa. Kataa, kwa sababu vyote viwili vina vumbi, na nitakuja kusema habari ya vumbi. Acha visikizi humo siku nne au tano. Kisha viunge na amplifaya, uiwashe bila muziki kwa saa mbili tatu, ili utando ujazwe umeme tena polepole. Baada ya hapo ndipo usikilize. Mara nyingi sikio lililolowa hurudi hivi, bila bisibisi na bila dola moja. Lisiporudi, basi kilichoharibika ni kitu ambacho hata mimi nisingethubutu kukigusa, na shemeji yako atakapokuja tena avichukue, avipeleke kwa wale wanaouza chapa hiyo Ulaya, aulize bei kwanza.

Kuna sababu nyingine ya kumzuia fundi, nayo ni nzito kuliko fedha. Utando wa visikizi vya aina mpya hutiwa volti 580. Zile za utandoni hupewa umeme kwa njia nyembamba sana, hazina nguvu kubwa ya kuumiza. Lakini amplifaya yenyewe ndani ina mamia ya volti yenye nguvu kamili, na kapasita zake huuhifadhi umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Mtu aliyezoea kufungua redio za betri huingiza kidole bila wasiwasi. Umeniambia una wavulana wawili wanaopenda kufungua kila kitu. Kisanduku hicho kiwekwe juu, mahali wasipofika.

Na vumbi, kama nilivyoahidi. Wakaaji wa Butembo na Beni hawahitaji kufundishwa vumbi ni nini. Siku tatu za jua, lori moja likipita, nguo nyeupe zimekuwa nyekundu. Chembe moja ikipenya hadi kwenye utando hukaa pale, ikavutwa na umeme ule ule unaotoa muziki, na sikioni husikika mlio kama wa mbu au kama mafuta yanayokaanga. Kwa hiyo ukimaliza kusikiliza, vifunike kwa kitambaa safi cha pamba, kisicho na nyuzi zinazong'oka, ukaviweke ndani ya kasha, si msumarini. Usivipulize kwa kinywa, maana pumzi ni maji. Nimewahi pia kusikia habari ya kijana aliyepeleka visikizi vyake kwa wajaza hewa wa magurudumu ya pikipiki ili vipigwe upepo. Upepo ulifanya kazi yake: utando ulipasuka pande zote mbili. Kadhalika usivibandike kichwani kwa kishindo. Hewa iliyobanwa kati ya sikio na kisikizi huusukuma utando ukagonga bamba. Ukisikia mkwaruzo mdogo wakati wa kuvivaa usiogope, ni kawaida yao. Mafuta ya nywele, kwa upande wake, huozesha ngozi ya mito ya masikio, na jasho pia, hasa huko Beni ambako ni chini na joto ni kubwa zaidi. Pangusa kwa kitambaa kikavu kila ukivivua.

Juu ya umeme wa nyumbani nitasema kwa ufupi. Butembo uliishi miaka mingi kwa jenereta na mabamba ya jua, na nyumba nyingi bado zinaishi hivyo. Jenereta ndogo haina volti moja. Huipandisha na kuishusha kadiri majirani wanavyowasha na kuzima. Washa amplifaya baada ya jenereta kutulia, uizime kabla jenereta haijazimwa. Wenye kuwanunulia ndugu zao vitu vilivyotumika, wakivitoa Dubai au Guangzhou au mbali zaidi, wasome kwanza kibao cha nyuma: amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100, na ya Marekani 120. Ukiichomeka katika 220 ya kwetu, transfoma yake itateketea. Yako imetoka Ubelgiji, haina shida hiyo. Tena radi ikianza kunguruma hata kwa mbali, chomoa plagi ukutani; kuzima kwa swichi hakutoshi. Wataalamu waliohesabu radi za dunia kwa setilaiti, wakatoa hesabu yao mwaka 2016, waliikuta Kabare, katika Kivu ya Kusini, kuwa ya pili duniani, radi 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ninyi wa kaskazini si majirani wa mbali.

Mama wa nyumbani kwako amenung'unika, waandika, kwamba unajifungia katika visikizi na huku nyumba nzima inasikia wimbo. Malalamiko hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini yote ni kweli. Visikizi hivi viko wazi kwa nyuma, sauti hutoka nje kama inavyoingia sikioni. Aliye kitandani chumba hicho hicho halali, nawe humsikii akikuita. Afadhali upange naye saa. Tena kuna hatari ambayo wewe mwenyewe hutaigundua. Visikizi hafifu vikifunguliwa sana hukwaruza, na mkwaruzo humwonya mtu apunguze. Hivi vyako havikwaruzi. Sauti hupanda ikiwa safi vile vile, na mtu huzidi kupandisha bila kujua. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha decibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Kila sauti inapopanda, saa hizo hupungua upesi sana. Mtu akiita jina lako kwa sauti ya kawaida akiwa hatua moja nawe usimsikie, umepita. Mwalimu wa kwaya aliyepoteza masikio atafundisha nini?

Laiti ungaliniuliza kabla, ningekuambia umwombe shemeji visikizi vizuri vya sumaku, vinavyovumilia vumbi, unyevu na wavulana wawili. Lakini zawadi haichaguliwi, nami sitamshauri mtu autupe mlango uliomfungulia sauti ya nne.

Limebaki lile uliloliandika pembeni mwa barua, kwamba rafiki yako wa Beni anataka kukuuzia amplifaya ya pili, ya zamani, kwa bei ya chini. Iangalie soketi yake. Zile za zamani zina matundu sita na hutoa volti 230. Zilizofuata, tangu miaka ya 1980, zina matano na hutoa 580. Plagi ya pini tano huingia katika matundu sita, ila masikio yote mawili yatanong'ona, nawe utadhani unyevu umerudi. Plagi ya pini sita haiingii katika matano, wala usiilazimishe. Hesabu pini za visikizi vyako leo jioni, uniandikie idadi yake, kabla hujampa rafiki jibu.