Kaseti ya Pili ya Mashini ya Foto



Mwezi huu barua iliyonikalisha chini ni ya kijana mmoja mpiga foto kwenye machimbo ya upande wa Masisi. Naifupisha, maana ni ya kurasa nne. Alinunua mashini ndogo ya kutosha foto, Canon SELPHY CP1300. Kazi ikaenda vizuri. Wachimbaji wanapenda foto, zaidi siku ya Jumapili na siku ya malipo. Lakini kila foto 18 mashini inasimama, inadai karatasi, na watu wako kwenye mstari wanapiga kelele. Ilipofika zamu yake ya likelemba, akatuma mtu Kampala amletee kaseti ya pili ya karatasi. Alifikiri kaseti mbili zitaingia pamoja, makaratasi yawe 36. Kaseti ikafika. Kumbe ni ndogo. Akaitia, mashini ikakataa kabisa. Sasa anauliza: "Pasta, wamenidanganya? Niitupe? Bibi yangu hasemi na mimi tangu juma lililopita."

Ndugu yangu, usiitupe. Hawakukudanganya sana, ila hamkusikilizana. Ngoja tuipange pole pole.

Kwanza ni lazima ujue mashini yako inafanya nini, kwa sababu wengi wanafikiri inarusha wino wa maji kama mashini za ofisini. Hapana. Ndani yake kuna utepe mwembamba wenye rangi kavu: manjano, kisha nyekundu ya kuelekea zambarau, kisha buluu ya mbingu. Kichwa cha mashini kinapata moto. Ile rangi kavu, bila kugeuka maji kwanza, inakuwa mvuke na kuingia ndani ya ngozi ya karatasi. Kwa hiyo karatasi inaingia na kutoka mara nne: mara tatu kwa rangi tatu, na ya nne kwa kifuniko cheupe kisichoonekana, cha kulinda foto na maji na vidole. Ukiona karatasi inatokea nyuma ya mashini halafu inarudi, usiogope, na usiikamate. Acha nafasi nyuma, isigusane na ukuta. Niliona mtu mmoja ameisukumiza mashini kwenye kona ya kibanda ili isiibiwe, na kila foto ikatoka imekunjwa.

Sasa kaseti. Ndugu, mashini hii ina mdomo mmoja tu. Inakula kaseti moja kwa wakati mmoja. Haiko kama zile mashini kubwa za fotokopi ambazo unaongeza droo chini ya droo. Na kila kaseti inabeba makaratasi 18, si zaidi. Ukijaza 25 ili upate raha, zitaingia mbili mbili na kukwama.

Ile ndogo uliyoletewa ni kaseti ya kadi. Karatasi yake ni milimita 54 kwa 86. Ile iliyokuja na mashini ni ya kadi-posta, milimita 100 kwa 148. Na hapa ndipo mashini ilipokukatalia: ulitia kaseti ya kadi, ukaacha ndani utepe wa kadi-posta. Kila ukubwa wa karatasi una utepe wake, vinauzwa pamoja katika kasha moja. Mashini inavipima vyote viwili. Visipolingana haifanyi kazi, na ni afadhali hivyo kuliko ikuharibie utepe.

Mtu wa Kampala alipaswa kuuliza ukubwa, nawe ulipaswa kumwandikia. Kaseti ya kadi-posta imeandikwa PCP-CP400, ile ya kadi PCC-CP400. Herufi moja tu ya katikati, lakini ndiyo iliyokula likelemba yako. Kaseti hizi za CP400 zinaingia kwenye CP910, CP1000, CP1200, CP1300 na CP1500. Mwenye mashini ya zamani kuliko hizo asinunue bila kuipeleka dukani na kuijaribu kwa macho yake, kwa kuwa zile zina kaseti zao.

Mtauliza kama mashini inakula kaseti moja tu, ya pili ni ya nini? Hapa nataka msikilize vizuri, kwa maana faida iko, lakini si ile kijana aliyofikiri.

Foto moja ya kadi-posta kwenye CP1300 inachukua karibu sekunde 47. Foto 18 ni kama dakika 14. Ukiwa na kaseti moja, kila dakika 14 unaacha wateja, unafungua pakiti, unahesabu makaratasi kwa haraka, mikono ina jasho na vumbi. Hapo ndipo foto zinapoharibika. Ukiwa na kaseti mbili za ukubwa mmoja, ile ya kwanza inafanya kazi, na mwenzako amekaa pembeni, mikono safi, anapanga ya pili. Ya kwanza ikiisha, unaichomoa, unaingiza nyingine. Tena kuna jambo zuri: utepe mmoja wa kadi-posta unatosha foto 36. Kumi na nane na kumi na nane ni 36. Kaseti ya pili ikiisha, na utepe umeisha. Huna haja ya kuandika hesabu ukutani.

Kwa kupanga kaseti, fuata hivi. Mfuniko unafunguka mara mbili, wa nje kisha wa ndani. Ukiona karatasi ya kukinga ndani ya pakiti, ile isiyong'aa, itoe. Tia makaratasi sehemu inayong'aa ikitazama juu. Funga mfuniko wa ndani mpaka usikie "tak". Ule wa nje uache wazi unapoingiza kaseti, kwa sababu foto zinatoka na kulala juu yake. Zikifika nyingi ziondoe, zisizibe njia. Na utepe, kabla ya kuutia, zungusha kidogo kijiti chake mpaka ukaze. Usiuguse kwa kidole.

Mimi mwenyewe nilikosa. Siku ya arusi ya binti wa jirani niliombwa kusaidia, nami nikajifanya fundi. Nikapanga makaratasi juu chini. Ule upande wa nyuma haupokei rangi. Foto ya kwanza ikatoka kama mzimu, ya pili ikashikana na utepe. Bwana arusi alinitazama, hakusema neno kwa heshima tu.

Lakini kisa ambacho sikisahau ni kingine. Wasomaji wa hapa wanajua, tarehe 13 Juni 2022 Bunagana iliingia mikononi mwa M23, na watu wengi wakavuka mpaka kwenda Kisoro, Uganda. Wengine walikimbia hata bila viatu. Kati ya vitu vilivyobaki nyumbani ni foto za ukutani. Mama mmoja aliporudi alikuta paa limetobolewa, na mvua imekula foto zote za marehemu mume wake. Ikabaki moja tu, ndani ya simu ya shemeji yake, simu yenyewe kioo kimepasuka.

Alikuja kwa kijana mmoja wa hapa mwenye mashini kama hiyo. Kijana alikuwa na makaratasi mawili tu, na utepe wa foto mbili. Tangu asubuhi alikuwa anahesabu pesa, na kama sisi wote tunavyofanya, alilowanisha kidole kwa mate kutenganisha karatasi. Foto ikatoka nzuri: koti, mikono, mlima Muhabura kwa nyuma. Lakini pale kidole kilipogusa, rangi haikushika. Alama nyeupe, ya mviringo, juu ya jicho na nusu ya uso.

Mama hakulia. Alisema tu: "Mutoto wangu, hii haiko yeye."

Kijana akainuka, akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akaikausha tena. Akafuta mlango wa mashini kwa kitambaa kisicho na nyuzi, akafunga dirisha, maana malori ya kwenda bariera yanainua vumbi la mawe ya volkano, na chembe moja ikikaa kati ya utepe na karatasi inaacha doa au mstari. Akaishika ile karatasi ya mwisho kwenye ncha, zile sehemu mbili zenye matundu ya kukatia ambazo zinaondolewa baadaye. Sisi tuliokuwa pale tukanyamaza kama kwenye maombi. Manjano ikapita. Nyekundu ikapita. Buluu. Kisha kile kifuniko. Ilipotoka, mama aliitazama muda mrefu, akasema: "Sasa watoto watamujua." Mdogo wake alizaliwa baada ya kifo cha baba.

Ndiyo maana ninasumbuka juu ya mikono na vumbi. Kaseti ya pili inakupa nafasi ya kutulia. Ukiifunga mfuniko wote, inalinda makaratasi pia, hata ukiibeba kwenye mfuko kwenda kareya nyingine.

Umeme nao ni shauri. Kurani ikikatika katikati ya foto, foto hiyo imekufa, na sehemu yake ya utepe imekwenda pamoja nayo. Usivute karatasi kwa nguvu. Zima, washa tena, ngoja mashini iitapike yenyewe. Kwa CP1200 na CP1300 kuna batri yake, NB-CP2LH, inayotosha kama foto 54 ikiwa imejaa. Ni utepe mmoja na nusu. Kwa mtu wa machimbo, mimi ningenunua batri kabla ya kaseti ya pili, lakini kila mmoja anajua mfuko wake.

Wengine wameniuliza kuhusu mashini nyingine inayoitwa pia ya sublimashoni, ya kuchapa jezi za mpira, vikombe na fulana za msiba. Hiyo ni ndugu wa jina tu. Inatumia wino wa maji kwenye karatasi, picha imegeuzwa kama kwenye kioo, kisha unaikandamiza kwa pasi kubwa ya moto, karibu digrii 200 na dakika moja kwa kitambaa cha poliesta. Kitenge cha pamba hakishiki, msijaribu. Kwenye hiyo, droo ya kuongeza ni kitu cha kweli: kwa mfano Sawgrass SG1000 inafungwa droo ya ziada inayoiwezesha kuchapa karatasi pana zaidi na ndefu sana, kama bendera. Makosa makubwa pale ni mawili. Mtu anafunga droo lakini haambii kompyuta kwamba karatasi inatoka kwenye droo mpya, basi mashini inaendelea kula ile ya zamani. Na anasahau upande. Piga alama ya kalamu ya risasi kwenye karatasi ya bure, ichape, uone rangi imekaa upande gani, ndipo utie karatasi ya bei.

Nirudi kwa kijana wetu. Pengine utafikiri ile kaseti ya kadi itakufaa kwa foto za pasipoti. Hapo fanya hesabu kwanza. Foto ya milimita 35 kwa 45 inaingia mara nane kwenye karatasi moja ya kadi-posta, ukizipanga mbili kwa nne. Kwenye kadi ndogo zinaingia mbili tu. Kasha la karatasi 36 za kadi-posta litakupa foto za pasipoti 288. Kasha la kadi 36 litakupa 72. Kwa hiyo pasipoti zibaki kwenye kaseti kubwa.

Ila kadi ndogo ina soko lake, na wewe uko penye soko hilo. Ni sawa na kadi ya benki kwa ukubwa. Inaingia kwenye kifuko cha plastiki cha kadi ya uchaguzi, kwenye kofia, kwenye mfuko wa suruali ya mtu anayeshuka shimoni. Mchimbaji anayekaa miezi sita mbali na nyumbani hataki foto ya kuning'iniza kwenye hema. Anataka uso wa mtoto wake mfukoni. Agiza kasha linaloitwa KC-36IP, lina karatasi 36 za kadi na utepe wake. Anza na moja. Zikienda, rudisha kwanza pesa ya likelemba, ndipo ununue ile PCP-CP400, na safari hii andika herufi zote kwa mkono wako kwenye karatasi.

Na kuhusu bibi yako: usimweleze mambo ya kaseti. Mpige foto, itoshe kwenye kadi ile ndogo, umpe. Hiyo ndiyo foto ya kwanza kutoka kwenye kasha jipya, kabla ya mteja yeyote. Kisha niandikie, nijue zilizobaki 35 ziliuzwa kwa siku ngapi.