TICHA, UMEPEWA IDARA. HAYA, UNAIPELEKA WAPI?

Wiki hii naomba tuwaweke kando wale wa magubu ya mawifi na wachumba wasioeleweka, tuongee na ticha. Namsema yule ticha kijana aliyetoka chuo na begi la magurudumu, akapangiwa Sumbawanga, akanuna siku tatu, ya nne akaenda kununua koti.

Koti lazima, bwana wee. Mji upo juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai asubuhi unaongea na moshi unatoka mdomoni kama unavuta sigara. Kwao Dar wakisikia Sumbawanga wanamsindikiza kwa maombi, maana jina lenyewe watu hulitafsiri "tupa uchawi". Akifika anakuta mji wa watu wanaojua kulima mahindi kuliko kitu kingine chochote, na lami safi kutoka Tunduma, ile iliyojengwa kwa fedha za Marekani za mfuko wa MCC baada ya mkataba wa 2008. Wale waliopanda basi enzi za vumbi wanamcheka anapolalamika kuwa safari ndefu.

Basi, anakaa miaka miwili, mitatu. Siku moja mkuu wa shule anamwita ofisini: "Kuanzia leo wewe ndiye mkuu wa idara ya Hisabati." Kijana anatoka kifua mbele. Akifika staff, akihesabu, idara ina walimu watatu pamoja na yeye mwenyewe. Mmoja kati ya hao ameanza kufundisha kabla bosi mpya hajazaliwa.

Mshikaji wangu mmoja, jina kapuni na shule kapuni, yalimkuta hayo hayo. Akanitumia ujumbe: ametakiwa aandike malengo yake ya uongozi, aandike nini? Nikamuuliza mwaka jana aliandika nini. Jibu likaja haraka: "Kuongeza ufaulu."

Kuongeza ufaulu! Ticha, hiyo ni dua. Hata mama yako anakuombea hivyo hivyo kila Jumapili.

Tusimcheke peke yake, maana kasheshe hii imewahi kuikumba nchi nzima. Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012, asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, mtoto wa Mpanda, pande hizo hizo za Rukwa kabla Katavi haijawa mkoa wake yenyewe mwaka 2012, akaunda tume. Matokeo yakafutwa, yakapangwa upya. Mwaka huo huo ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na elimu ya sekondari ikawekewa shabaha za asilimia kila mwaka. Na mwaka huo huo madaraja ya alama nayo yakapangwa upya, A ikaanzia 75. Mimi si mtaalamu wa mitihani, lakini ukiweka lengo la asilimia halafu ukasogeza na kipimo, mtu wa kijiweni ana haki ya kuguna.

Ndiyo maana namwambia mshikaji: asilimia ya ufaulu siyo lengo lako wewe. Ndani yake kuna mtoto, kuna mzazi, kuna baraza la mitihani, kuna mvua. Lengo la kiongozi ni kile ambacho asipokifanya yeye, hakifanyiki. Kinaonekana Jumatano, hakingoji Februari.

Karatasi za kuandikia zipo muda mrefu, hilo halina ubishi. Mwaka 2004 serikali ilileta mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi, ule uliozoeleka kwa jina la OPRAS. Mtumishi na bosi wake wanakubaliana malengo Julai, wanatazamana katikati ya mwaka, Juni wanapeana alama. Wazo zuri tu. Lakini ticha gani hajawahi kuona mwenzake ananakili fomu ya mwaka uliopita neno kwa neno, anabadilisha tarehe tu? Sasa imekuja PEPMIS, kila kitu kinajazwa kwenye mtandao, majukumu makubwa yanavunjwa vipande vidogo vidogo. Kompyuta haijui kuona aibu, ticha. Ukiijazia "kuongeza ufaulu" itapokea.

Twende kwenye pagumu: yule mzee wa idara. Hapa vijana wengi wanachemsha. Mmoja anajifanya mkoloni, anadai maandalio ya somo ya mzee mbele ya watu, na mzee anampa kweli, ila tangu siku hiyo hamwambii kitu chochote cha maana. Mwingine anaogopa kabisa. Asubuhi "shikamoo mzee", saa nne "shikamoo mzee", muhula unakwisha hajui hata mzee amefika mada ya ngapi. Wote wawili hawana idara, wana kabati la vitabu na ufunguo wake.

Mimi ningeandika hivi: kila wiki kipindi kimoja, dakika 40, nitakaa nyuma ya darasa la mwenzangu. Na nitaanza kwa kumwomba mzee aje akae nyuma ya darasa langu. Umeona hiyo? Shikamoo yako inabaki pale pale. Unamwambia, "Mzee, Jumatano kidato cha pili naingia na aljebra, naomba uje unitazame, wanapotea mahali na sijui ni wapi." Mzee wa miaka 30 kazini akiombwa hivyo hakatai. Atakaa, ataona, atakukosoa, pengine atakukosoa sana. Wiki ya tatu ukimwambia unakuja kwake, hutakuwa mkaguzi tena, utakuwa mgeni anayerudisha matembezi.

Hilo ni lengo linalouma, na ndiyo sababu nalipenda. "Kuongeza ufaulu" hakujamtoa mtu jasho hata siku moja.

La pili ni mambo ya kwao Ufipa. Ticha wa mjini anapanga azimio la kazi kama yuko Upanga. Kumbe Januari na Februari mahindi yanapaliliwa, Mei hadi Julai yanavunwa, na kuna madawati yanabaki matupu wiki hizo. Kelele peke yake hazitoshi. Wewe ndiye mkuu wa idara, kaa na wenzako mpange mada nzito zisiangukie siku ambazo watoto wapo shambani, na kila Ijumaa ujue kwa majina nani hayupo. Majina, siyo idadi. Mtoto wa kike aliyekosa Ijumaa tatu mfululizo ni habari tofauti kabisa na mvulana aliyekwenda kuvuna, na ukingoja mwisho wa muhula utakuta ameshaolewa.

Wafipa wenyewe wana kilimo chao cha asili cha ntumba. Nyasi zinakusanywa, zinafukiwa kwa udongo mpaka shamba zima linajaa vichuguu vya mviringo, zinaachwa zioze, na msimu unaofuata vichuguu vinatawanywa ndipo mbegu inaingia. Mgeni akipita anaona watu wanazika majani. Na wewe mwaka wako wa kwanza kwenye idara utaonekana unazika majani, hasa sasa ambapo mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unawataka hata wakongwe wajifunze upya. Mkuu wa shule akikuuliza matunda yako wapi, mwonyeshe daftari la vipindi ulivyotazama na mada mlizokubaliana kuzifundisha upya.

Tuisheni nayo nisiiruke, ingawa najua nitachukiwa. Mkuu wa idara ambaye mifano yake mizuri inasubiri saa kumi, kwa wenye hela, anajua anachofanya. Hilo halihitaji lengo, linahitaji aibu.

Mwisho kuna lile ambalo mshikaji hakuliandika popote lakini nalijua: anataka uhamisho. Anataka Dar, kuna mtu Dar, na huyo mtu amechoka na simu za usiku. Sawa kabisa, moyo ni moyo. Ila nilimwambia aliweke kwenye malengo yake, tena kwa mwaka na mwezi, na chini yake aandike jina la atakayemwachia idara. Kama ni yule ticha mpya wa kike anayekaa kimya kwenye kona ya staff, basi aanze sasa kumpa aendeshe kikao cha idara, aanze kumpa apange mtihani wa muhula, aanze kumtuma kwa mkuu wa shule kudai chaki na vitabu. Anayeondoka Sumbawanga bila kumwachia mtu anamrudishia mzee wa watu kabati na ufunguo.

Hajanijibu. Ila juzi kaniuliza mtandao wa PEPMIS unaruhusu herufi ngapi.

Wiki ijayo tunarudi kwa mawifi, barua zenu zimejaa.