Dira Haipelekwi kwa Waraka

Julai 2025 Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa mjini Dodoma. Ndani yake yamo malengo makubwa, likiwamo la kuufikisha uchumi wa nchi kwenye thamani ya dola trilioni 1 za Marekani. Malengo hayo yana haki ya kuwapo, maana taifa lisilojua liendako haliwezi kuilaumu njia. Hata hivyo liko swali ambalo maofisa wengi hupenda kulikwepa: mkulima wa Nachingwea akishakwisha kuisikia hiyo trilioni, kesho asubuhi afanye nini?

Swali hilo lilikwisha kupata jibu zuri katika nchi hii hii. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kampeni hiyo haikuzuka kama uyoga. Ilitanguliwa na Kupanga ni Kuchagua ya mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako ya mwaka 1970 na Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, na kila mara waliohusika walijifunza jambo la kutumia safari iliyofuata. Maelfu kwa maelfu ya viongozi wa vikundi walifundishwa kwanza, hatua kwa hatua, kutoka taifani hadi wilayani na vijijini. Ndipo redio ilipofunguliwa.

Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vidogo, chini ya miembe na katika madarasa, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana. Wananchi hao hawakuhutubiwa juu ya azma ya taifa ya kuinua kiwango cha afya. Walielezwa habari za malaria, minyoo, kuhara na kichocho, maradhi waliyoyajua kwa kuuguza na kuzika. Baada ya hapo kikundi kiliulizana chenyewe: hapa kwetu tatizo hili liko wapi, na tutafanya nini kabla ya kipindi kijacho? Jibu likawa jembe na sururu. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, majani yakafyekwa kuzunguka nyumba. Aliyechimba hakuhitaji kusukumwa, kwa kuwa uamuzi ulikuwa wake.

Ni haki kutaja pia upande wa pili, kwani miaka ni ile ile. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Wazo la vijiji lilikuwa na hoja zake nzito: shule, maji na zahanati haviwezi kumfuata kila mtu porini. Lakini katika sehemu nyingi hoja hizo hazikutolewa. Lililofika kwa mwananchi ni lori, na mahali pengine moto juu ya paa la nyumba yake. Watu walihama, naam. Ila wako waliopelekwa mbali na mashamba yao, na wako waliorudi walikotoka mara usimamizi ulipolegea. Ofisa aliyepeleka taarifa wilayani kwamba kazi imekwisha alisema kweli kwa hesabu ya vichwa, na kwa hesabu hiyo tu.

Tofauti ya kampeni hizo mbili haikuwa ufasaha wa wasemaji.

Aidha, wananchi humtazama msemaji kabla ya kuyasikiliza maneno yake. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na Oktoba 1967, baada ya Azimio la Arusha, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika fungu la 15, ulikataza viongozi kuwa na kiburi na dharau. Mtu anayewaweka wazee juani saa tatu, kisha akasoma hotuba iliyoandikwa na mwingine na kuondoka kabla ya maswali, amekwisha kutoa ujumbe wake wa siku hiyo. (Chakula cha mgeni, bila shaka, kilikuwa tayari.)

Kwa hiyo mzigo wa Dira 2050 umewaangukia watendaji wa kata, mabwana shamba na walimu wakuu. Mwalimu mkuu anaweza kuubandika waraka ukutani na kujaza fomu kwamba umetekelezwa. Anaweza pia kuwaita wazazi, akawaeleza bila kuficha ni watoto wangapi wa darasa la tatu shuleni hapo wasioweza kusoma aya moja ya Kiswahili, akawauliza wanaonaje, kisha akanyamaza na kusubiri. Kimya hicho kitakuwa kirefu. Wa kwanza kukivunja huenda akawa mama mwenye kulalamika kwamba mtoto wake hushinda na njaa, au mzee mwenye kuuliza kwa nini mwalimu fulani haonekani siku za Ijumaa. Maswali hayo yaandikwe kwanza, na yajibiwe kabla ya kitabu cha Dira kufunguliwa.