Sayansi ya Nyumbani: Watoto wa Bukoba na Muleba na Maswali ya Kibanjani

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini, na ulionekana wilayani Muleba, mkoani Kagera. Kwa wakazi wa Muleba na Bukoba, ambao ndizi ndiyo chakula chao kikuu na ambao hupanda mibuni katikati ya migomba, hilo lilikuwa pigo la mlo na la kipato kwa wakati mmoja. Wataalamu walielekeza kwamba migomba iliyougua iondolewe, ua dume likonyolewe mapema kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, na panga lisafishwe kwa moto au dawa kabla ya kuhamia mgomba mwingine.

Maelekezo hayo si magumu kuyasema. Ugumu ni kwamba adui haonekani kwa macho, na mtu asiyeelewa kwa nini kijiti ni salama kuliko kisu atarudia kisu siku atakapokuwa na haraka. Kwa sababu hiyo, kumfundisha mtoto sayansi nyumbani si anasa ya familia zenye vifaa vya kununua dukani. Katika mkoa huu, kuelewa sababu ya jambo kumekuwa sehemu ya kulinda kibanja.

Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuonyeshwa sababu hiyo jikoni kwa muda mfupi. Mzazi anapaka kisu unga wa manjano uliokorogwa kwa maji, kisha anakata vipande vitano vya gomba, kimoja baada ya kingine, bila kukifuta. Kabla ya kukata, mtoto anaulizwa: rangi itafika kipande cha ngapi? Anataja namba, kisha anatazama. Baadaye kisu kinaoshwa na zoezi linarudiwa. Kilichofanyika ni kukisia, kujaribu na kulinganisha, ambayo ndiyo kazi ya mtafiti yeyote. Gharama yake ni kijiko cha manjano.

Ndizi zenyewe zinatosha kwa jaribio la pili. Ndizi mbivu moja ikifungiwa mfukoni pamoja na ndizi mbichi, na mbichi nyingine za mkungu huohuo zikafungwa peke yake, kwa kawaida zile zilizokaa na mbivu huiva mapema. Ndizi inayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, nayo huharakisha uivaji wa zilizo jirani. Bibi anayefukia mkungu na kuufunika kwa majani huizuia gesi hiyo isitoroke, hata kama hajawahi kusikia jina lake. Na msimu wa senene unapofika, watoto wanaweza kuwapanga kwa rangi, kijani upande mmoja na kahawia upande mwingine, wakahesabu na kuandika idadi ya kila usiku. Wakimaliza kuhesabu, kikaango kipo.

Wakati wa kuyazungumza haya ni sasa. Utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa, unaotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ulianza Januari 2024, ukisisitiza umahiri badala ya kukariri. Elimu ya msingi inafupishwa kutoka miaka saba hadi sita, na walioanza darasa la tatu mwaka 2024 wanatarajiwa kuhitimu darasa la sita mwaka 2027. Wengi wao wanajifunza sayansi kwa Kiswahili na wataikuta kwa Kiingereza sekondari. Mtoto aliyekwisha kuona jambo likitokea mikononi mwake atabaki na kazi ya kujifunza jina jipya tu. Aliyekariri maneno atalazimika kuanza upya.

Muleba, kwa upande wake, imeshaifundisha dunia jambo. Utafiti ulioanza mwaka 2014 wilayani humo, ukihusisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ulilinganisha vyandarua vya kawaida vyenye dawa na vyandarua vilivyoongezewa PBO, kiambata kinachopunguza uwezo wa mbu sugu kuivunja dawa hiyo. Watoto waliolala katika vyandarua vya aina ya pili waliambukizwa malaria kwa kiwango kidogo zaidi, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitegemea matokeo hayo kupendekeza matumizi yake. Ni vigumu kupata mfano wa karibu zaidi na kitanda cha mtoto, lakini ni mara ngapi chandarua hutundikwa usiku bila mtoto kuambiwa habari hii?

Tahadhari moja inahitajika. Tangu mlipuko wa Marburg uliotangazwa Machi 21, 2023 wilayani Bukoba, ambao ulisababisha vifo vya watu sita, kunawa mikono kumehimizwa sana. Wapo wanaowaonyesha watoto bakuli la maji lililonyunyiziwa pilipili manga, ambayo hukimbia kidole chenye sabuni, na kuwaambia kwamba hivyo ndivyo vijidudu hukimbia. Mchezo unafurahisha, ila maelezo hayo si sahihi. Sabuni hulegeza mvutano wa uso wa maji, na maji yanayojivuta kuelekea pembeni ndiyo yanayoibeba pilipili. Virusi vya Marburg havikimbii. Sabuni huvunja utando wa mafuta unaovifunika, na maji huviondoa mkononi. Ukweli huo unavutia vilevile, na mtoto hatalazimika kuuacha akifika kidato cha kwanza.

Kikwazo kikubwa kinachobaki ni jibu la mtu mzima. Mzazi aliyetoka shambani au ziwani jioni akiwa amechoka huona swali la nne la mtoto kuwa usumbufu, na pengine hana jibu. Hapaswi kubuni. Anaweza kusema, "Sijui, tujaribu," kisha akampa mtoto kisu cha plastiki, kipande cha gomba na manjano kidogo, naye akaendelea kumenya ndizi za usiku.