WAKUBWA WAMEIKIMBIA KAYUMBA, SISI TUBAKI NA NANI?

Mpenzi msomaji, kabla hujafungua ukurasa mwingine nijibu swali moja: mtoto wa mkubwa wako anasoma wapi?

Enzi za mkoloni jibu lilikuwa wazi. Mzungu alikuwa na shule yake, Mhindi yake, Mwafrika yake. Pale Iringa Wazungu walikuwa na bweni lao, St. Michael's and St. George's. Mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru, Tanganyika ikafuta ubaguzi huo. Leo majengo yale ni chuo cha Mkwawa.

Wamarekani nao walijaribu. Mwaka 1954 Mahakama Kuu yao iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule za umma ni kuvunja katiba. Wazungu wengi wakafungasha virago, wakahamia vitongoji vya nje ya miji. Mwaka 1974, katika kesi ya Detroit, majaji 5 dhidi ya 4 wakasema shule za vitongoji hivyo zisilazimishwe kuchanganywa na za mjini. Aliyehama akapona, asiye na nauli akabaki.

Msomaji, usiwacheke. Hata sisi tumehama. Sera ya elimu ya 1995 ilikaribisha watu binafsi kujenga shule, zikachipuka ingilishi midiamu kila mji. Rangi imetoka kwenye kiti, pochi imekalia. Shule ya serikali tukaibandika jina: Kayumba.

Mimi ni mtoto wa Kayumba. Kiingereza nilikutana nacho kidato cha kwanza kama mtu aliyetupwa mtoni, hivyo simlaumu mzazi anayekimbia. Lakini hapa Litapunga mkulima wa mahindi akimbilie wapi? Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, ahsante. Ila anayepanga fedha za madawati hana mtoto anayeyakalia. Paa likivuja, nani apige simu Dodoma? Mama muuza vitumbua? Mtoto wa kigogo angelowa siku moja tu, mabati yangefika kabla ya jua kuzama!

Shule binafsi ziendelee. Lakini waziri, mbunge, mkurugenzi na diwani wanaosimamia shule zetu wawalete watoto wao humo. Mpishi asiyeonja mchuzi wake, wewe utaunywaje?

Wakija kuomba kura, msomaji, achana na ahadi zao. Waulize swali lile la mwanzo: mwanao anasoma wapi?