Tusiyadharau Matunda ya Porini

Mtoto wa visiwa vyetu akipewa shilingi za kununua kitu, hukimbilia dukani kutafuta maji ya sukari yaliyotiwa rangi. Nyuma ya nyumba yao zambarau zimedondoka chini ya mti, zinakanyagwa na kuoza. Tumelizoea jambo hili hata hatulioni kuwa ni hasara. Sisi tunasema ni hasara, tena ya afya na ya ardhi kwa pamoja.

Unguja na Pemba hazikunyimwa neema hii. Katika nchi ya maweni, ambako jembe hugonga mwamba, huota mibuyu, mikunazi na mifuu, na mbungo hutambaa juu ya miti mingine. Lakini leo mkunazi tunaukumbuka tunapotafuta majani ya kumwoshea maiti, na tunausahau tunapotafuta chakula cha aliye hai.

Wataalamu wamepima ubuyu. Katika gramu 100 za chungwa mna takriban miligramu 50 za vitamini C. Katika unga wa ubuyu wa uzito huo huo hupatikana kuanzia 150 hadi kufikia 500 hivi. Ni kweli kwamba unga huo ni mkavu na mtu hula kidogo tu kwa mara moja, lakini hata kidogo hicho kina faida. Vitamini hiyo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mchicha, kisamvu na kunde, na chuma ndicho kinachojenga damu. Chai inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Kwa hiyo mama mjamzito anayeteremshia kunde zake kwa maji ya ubuyu, badala ya chai, amejitendea wema bila ya gharama kubwa. Ila ubuyu uliopikwa katika sukari na rangi nyekundu hauna sifa hiyo kamili, kwa sababu moto huiharibu vitamini C, na sukari huharibu meno.

Zambarau nazo zina rangi ya urujuani inayotokana na viini vya jamii ya viondoasumu, yaani vile vinavyozuia uharibifu wa chembe hai. Hapa hatuna budi kuonya. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula iliyoonyesha nguvu ya namna hiyo kama ilivyopimwa maabara. Mwaka 2012 iliiondoa, kwa kuwa wafanyabiashara waliitumia vibaya kutangazia bidhaa zao, na kwa kuwa kipimo cha chupani hakithibitishi yanayotokea mwilini. Basi mgonjwa wa sukari asiache dawa ya hospitali kwa ajili ya kokwa za zambarau. Matunda haya ni chakula bora, na sifa hiyo yatosha.

Wenzetu wa mbali wameshaamka. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu unga wa ubuyu uuzwe katika nchi zake. Itakuwa aibu iwapo mgeni ataununua kwa fedha nyingi huko kwao, nasi tunauona ni kitu cha kuchezea watoto.

Wakati huo huo vichaka vya maweni vinafyekwa kwa ajili ya kuni, makaa, matanuri ya chokaa na viwanja vya majengo. Mbuyu husalimika na shoka la mchoma makaa kwa kuwa mti wake si kuni nzuri, lakini hausalimiki na kiwanja. Mkunazi na mfuu havina hata kinga hiyo. Kichaka kikishaondoka, hakuna duka litakalotuuzia bure tulichokuwa tukikiokota.

Kwa hiyo tunatoa mwito. Masheha wahakikishe kwamba kabla ya kichaka kufyekwa miti ya matunda inahesabiwa na inayowezekana kuachwa inaachwa. Skuli zipande mikunazi na mizambarau katika viwanja vyao, na walimu wawafundishe watoto thamani yake. Wakunga na wauguzi, wanapozungumza na akina mama juu ya upungufu wa damu, wataje ubuyu pamoja na vidonge, si badala ya vidonge. Na maofisa wetu wanapokaribisha wageni ofisini, waweke mezani maji ya ubuyu au ya mabungo mahali pa soda. Wananchi hufuata wanachokiona kuliko wanachoambiwa.

Mkunazi uliopandwa leo utamlisha mtoto huyu huyu aliye skuli. Mbuyu utamngoja mjukuu wake. Yote miwili yafaa kupandwa. Wazee walituusia kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni huu, nasi tumeanza kuukanyaga kwa viatu.