Kabla ya Kuuza Kibanja, Kaa Chini Uhesabu



Injili ya Dominika ya 23 ya Mwaka C inatoka katika Luka sura ya 14. Yesu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Kwanza hukaa chini akapiga hesabu, asije akaweka msingi, akaishiwa, na wapita njia wakamcheka. Najua Bwana alikuwa anazungumzia gharama ya kumfuata yeye. Lakini mfano huo aliwapa watu walioijua aibu ya nyumba iliyoishia kwenye lenta. Na Injili hii hutufikia mwezi Septemba, wakati vijana wetu wa Karagwe na Kyerwa waliomaliza kidato cha sita wanapopokea majibu ya vyuo. Kwa hiyo unisamehe nikiutazama mnara huo leo kama chuo kikuu, tena chuo kikuu cha binafsi.

Nina deni la kulipa katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane alikuja ofisini parokiani baada ya Misa ya pili. Kijana wake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha binafsi nje ya mkoa. Mkopo ulikuwa umetoka, lakini haukutosha ada. Akaniuliza, "Padri, niuze?" Alikuwa anazungumzia upande mmoja wa kibanja na kahawa ya msimu uliofuata. Nje kulikuwa na watu wengine wananisubiri. Nikamjibu, "Mama, elimu haipotei. Uza." Nikaandika barua ya utambulisho, nikagonga muhuri. Sikumuuliza ni kozi gani wala ni ya miaka mingapi.

Akauza. Kahawa aliiuza kwa butura. Msomaji wa mbali huenda hulijui neno hili: ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa ua tu, kwa mtu anayekupa fedha leo kwa bei anayoitaka yeye, halafu mavuno yanakuwa yake. Serikali imepiga marufuku butura, na sisi mapadri tumehubiri mpaka koo zikakauka. Bado ipo, kwa sababu ada haisubiri kahawa ikomae.

Kijana alimaliza. Tulimwita mbele ya altare akiwa na joho lake, akina mama wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo imepita miaka minne. Anafundisha kwa muda katika shule moja ya binafsi, kwa malipo yasiyofika laki tatu kwa mwezi, nayo huchelewa. Simlaumu kijana, wala sisemi chuo chake kilikuwa kibaya. Nalilaumu jibu langu la dakika mbili.

Sasa tuhesabu pamoja, kwa mfano tu. Wewe weka namba zilizo kwenye barua yako. Ada ya mwaka shilingi 1,500,000. Bima ya afya, mitihani na michango mingine 200,000. Chumba na chakula 150,000 kwa mwezi, kwa miezi 9, ni 1,350,000. Nauli, vitabu na vifaa 250,000. Jumla ni 3,300,000 kwa mwaka, na kwa kozi ya miaka mitatu ni 9,900,000. Ona: wazazi wengi wanaokuja kwangu huwa wamehesabu ada peke yake, yaani milioni nne na nusu. Zaidi ya nusu ya mnara hawajaiona.

Halafu uliza itarudije. Kama shahada itampa mtoto laki tatu zaidi kila mwezi kuliko ambazo angepata bila hiyo shahada, gharama hiyo inarudi kwa miezi 33. Kama itamwongezea elfu hamsini tu, itachukua miezi 198, yaani miaka 16 na nusu. Na mkopo wa Bodi ya Mikopo ni mkopo kweli. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Anayeanza na laki sita anaacha elfu tisini kila mwezi. Tunashukuru kwamba mwaka 2021 Serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa inalivimbisha deni, lakini deni lenyewe lipo palepale.

Nisiwe mnafiki. Kanisa letu lenyewe lina vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Nyegezi, Mwanza, kilianzishwa na Maaskofu wetu mwaka 1998, juu ya msingi wa chuo kilichokuwapo hapo tangu 1960, enzi za Askofu Joseph Blomjous. Nilipokuwa kijana seminarini, mwenzangu wa kijijini aliyekosa nafasi Dar es Salaam au Sokoine hakuwa na mahali pengi pa kubisha hodi. Vyuo vya binafsi vilifungua mlango, na baadhi ya walimu wazuri wa sekondari zetu walipitia huko. Navipenda. Ndiyo maana naona chuo chochote, chetu kikiwa cha kwanza, hakipaswi kukasirika mzazi akiuliza wahitimu wa kozi fulani wako wapi leo.

Wala usitegemee tovuti na mabango yenye vijana wanaotabasamu. Watafute wahitimu watatu wa kozi ileile, hata kwa simu, uwaulize wanafanya nini na walikaa nyumbani muda gani. Hakikisha kozi yenyewe inatambuliwa na TCU, na kama ni ya taaluma yenye baraza lake, kama uuguzi, baraza hilo nalo liwe linaitambua. Uliza pia kama kuna njia fupi zaidi: stashahada ya afya, au ufundi wa VETA, kisha kazi, na shahada baadaye kwa mshahara wake mwenyewe. Huku Kagera njia hiyo tunaidharau. Sisi ndio akina "nshomile", tunapenda sana neno digrii, na nimeona familia ikichinja ng'ombe kwa ajili ya mahafali huku deni la ada halijaisha.

Utaniambia, Padri, elimu si biashara. Ni kweli. Chuo humfungua mtu akili, humpa marafiki na ujasiri wa kusimama mbele ya watu, na hayo hayaingii kwenye daftari langu la hesabu. Mzazi mwenye uwezo, na ampeleke mtoto hata akasome falsafa. Mimi niliisoma kwa fedha za waamini na sijutii. Nazungumza na yule ambaye kibanja ndicho chakula chake, ndiyo akiba yake ya uzee, na ndipo alipozikwa mumewe. Huyo akikosea hesabu, hana kibanja kingine.

Binti wa mama yule amemaliza kidato cha sita mwaka huu. Safari hii nilikwenda mwenyewe nyumbani kwao. Tulikaa chini ya migomba, mama, binti, kaka yake na mimi, na simu yangu kwa ajili ya kujumlisha. Mezani kulikuwa na karatasi mbili: nafasi ya shahada ya uongozi wa biashara katika chuo cha binafsi, na nafasi ya stashahada ya maabara ya afya. Kaka ndiye aliyezungumza zaidi. Alitaja kila kitu alicholipia, hadi fedha ya kukodi joho.

Mama akasema mnunuzi wa butura alipita Alhamisi, akaahidi kurudi kesho.

Binti alikuwa bado anaandika namba nyuma ya bahasha ya zaka. Akasema bila kuinua kichwa, "Mama, mpigie asije kwanza. Hatujamaliza."